Chumba Kimoja, Masikio Elfu



Somo letu la leo ni la historia. Ninyi mliolisikia redioni mtalikuta hapa kama lilivyosomwa. Aliyekosa kulisikia asiwe na wasiwasi. Na asome polepole, na akifika penye neno gumu amwulize mwalimu wake au jirani yake darasani.

Tumepata barua kutoka darasa moja la watu wazima. Wanafunzi wa darasa hilo wamechanga fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Wanataka kununua mtambo mmoja wa kutunzia na kutolea masomo, habari na nyimbo, wauweke katika chumba cha darasa, kisha wavute waya kutoka hapo mpaka zahanati, mpaka duka la ushirika, mpaka kwa fundi cherehani, na mpaka nyumba zao wenyewe. Kwa njia hiyo, wanasema, kila kitu kitatoka mahali pamoja na kusikika kila mahali. Mwisho wanauliza: Je, tununue waya wa namna gani?

Hilo ni shauri jema, na fedha zile ni jasho la watu. Kwa hiyo haifai kuwajibu kwa haraka. Wenzetu hawa wanadhani kazi huanza kwa kununua waya. Historia inasema sivyo. Shauri lao si geni, kwa kuwa lilipata kufanywa zamani, kabla redio haijawako duniani. Basi twende tukaone lilifanywaje, nani alifaulu, nani alianguka, na kwa sababu gani. Tukirudi tutakuwa na jibu la kuwapa.

Mpiga mbiu wa Budapest

Katika bara la Ulaya iko nchi iitwayo Hungaria, na mji wake mkuu ni Budapest. Mto mkubwa wa Danube unapita katikati yake. Zamani ng'ambo hii ulikuwa mji wa Pest, na ng'ambo ile miji ya Buda na Óbuda. Mwaka 1873 miji hiyo iliunganishwa ikawa mji mmoja.

Katika mji huo alizaliwa mtu aitwaye Tivadar Puskás, mwaka 1844. Bwana huyu alisafiri mpaka Marekani, akafanya kazi pamoja na Thomas Edison, yule mvumbuzi mashuhuri. Wakati huo simu ilikuwa kitu kipya kabisa, maana Alexander Graham Bell alikuwa amepata hati yake ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876. Ndugu yake Puskás, jina lake Ferenc, ndiye aliyejenga kituo cha kuunganishia simu mjini Budapest mwaka 1881.

Watu wengi waliiona simu kuwa chombo cha mazungumzo ya watu wawili: mmoja asema, mwenziwe ajibu. Puskás aliona jambo jingine. Alijiuliza: ikiwa waya mmoja waweza kuchukua sauti mpaka sikio moja, je, waya nyingi zilizofungwa mahali pamoja haziwezi kuichukua sauti ile ile mpaka masikio elfu kwa wakati mmoja?

Wazo hili halikutoka hewani. Mwaka 1881 kulikuwa na maonyesho makubwa ya mambo ya umeme mjini Paris, Ufaransa. Huko fundi mmoja, Clément Ader, aliweka vyombo vya kunasia sauti kwenye jukwaa la opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Watu waliokuwa katika nyumba ya maonyesho, mbali na jukwaa lile, wakaweka vyombo masikioni wakazisikia nyimbo. Mwaka 1890 kampuni moja ikaanza kufanya biashara kwa njia hiyo mjini Paris. Mtu aliingia hotelini au mkahawani, akatumbukiza sarafu ndani ya sanduku, akasikiliza dakika chache, kisha sauti ikakatika. Akitaka zaidi, sarafu nyingine.

Lakini watu wa Paris walisikiliza muziki na michezo. Puskás alitaka gazeti zima lipite ndani ya waya, tangu asubuhi mpaka usiku. Tarehe 15 Februari 1893 kazi ikaanza mjini Budapest, na wasikilizaji wa kwanza walikuwa yapata 60 tu. Jina la kazi hiyo lilikuwa Telefon Hírmondó. Neno hírmondó katika lugha ya Hungaria lina maana ya msema habari, mtu anayetembea na kutangaza. Sisi katika miji na vijiji vyetu vya zamani tulimwita mpiga mbiu. Wajua wazee walivyosema: la mgambo likilia lina jambo. Mpiga mbiu wa Budapest hakutembea mitaani. Alikaa katika chumba kimoja, na mitaa ikamfuata kwa waya.

Puskás mwenyewe hakuyaona matunda ya kazi yake. Alifariki tarehe 16 Machi 1893, mwezi mmoja tu tangu kazi ianze. Hapa nataka msimame kidogo mfikiri. Ikiwa kazi nzima ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, ilikuwaje isife pamoja naye? Haikufa kwa sababu mpango wake ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mwaka uliofuata wengine wakaichukua kazi ile na kuiendeleza, nayo ikadumu zaidi ya miaka 50.

Mpango ulivyokuwa

Sasa tuutazame mpango wenyewe, kipande kwa kipande.

Kwanza, ratiba. Kila siku ilikuwa na ratiba, na kila msikilizaji aliijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 siku ilianza saa 3 asubuhi kwa kutangaza saa sahihi, ili watu wasahihishe saa zao. Saa 4 zilisomwa bei za soko la hisa kwa ajili ya wafanyabiashara. Saa 6 mchana saa sahihi ilitangazwa tena. Saa 7 habari kubwa za asubuhi zilirudiwa, ili aliyekuwa kazini asizikose. Alasiri ilikuwa zamu ya bendi za askari. Saa 1 usiku waya uliunganishwa na nyumba ya opera, na watu wakasikiliza wakiwa wameketi nyumbani. Siku ya Alhamisi jioni watoto walikuwa na saa yao, ya hadithi na mafundisho.

Angalieni vema. Msikilizaji hakuweza kuchagua. Waya ulikuwa mmoja na sauti ilikuwa moja. Hivyo mahali pa kuchagua pakachukuliwa na saa. Mfanyabiashara alijua saa yake, mtoto alijua saa yake, na mpenda nyimbo alijua saa yake. Bila ratiba wote wangegombana juu ya waya mmoja, au wote wangechoka na kuviweka vyombo chini.

Pili, watu wa kazi. Palikuwa na waandishi waliokwenda kutafuta habari bungeni, mahakamani na sokoni. Habari iliandikwa, ikapita kwa mhariri mwenye dhamana, ndipo ikapelekwa kwa wasomaji. Wasomaji hawa walichaguliwa kwa nguvu ya mapafu yao. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo mtambo wa kukuza sauti ulikuwa haujavumbuliwa. Sauti ikishaingia katika waya, hapana kitu njiani cha kuiongeza nguvu. Kwa hiyo msomaji alilazimika kusoma kwa sauti nene, na kila neno alitamke wazi. Kazi hiyo ilichosha sana, nao waliifanya kwa zamu.

Tatu, vyombo vya nyumbani. Kila mteja alifungiwa ukutani chombo chenye visikizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Hivyo watu wawili waliopendana waliweza kugawana, huyu kimoja na huyu kimoja. Tena palikuwa na kengele ya mlio mkali. Habari kubwa ikitokea ghafula, mlio huo ulitolewa kutoka chumba cha katikati, na watu wote wakakimbilia visikizio. Huo ndio mgambo hasa.

Nne, mahali pa kufikia. Waya hazikwenda nyumbani tu. Zilikwenda kwenye hoteli, mikahawa, vinyozi, na vyumba vya kungojea vya waganga. Mgonjwa anayengoja zamu yake alisikiliza habari. Mteja wa kinyozi vivyo hivyo. Wenye biashara waliona faida: mtu asiyechoka kungoja hurudi tena. Hivyo mtambo ule ule mmoja ukahudumia nyumba na biashara pamoja.

Tano, fedha. Ada ilikuwa korona 18 kwa mwaka. Tena palikuwa na matangazo ya biashara: mwenye kutaka kutangaza bidhaa yake alilipa korona 1 kwa sekunde 12. Tangazo liliingizwa katikati ya habari mbili za kupendeza, ili msikilizaji asipate nafasi ya kuweka kisikizio chini.

Wateja wakaongezeka. Kutoka wale 60 wa mwanzo, kufikia mwaka 1901 walikuwa zaidi ya 6,000, na mwaka 1907 walikaribia 15,000. Redio ilipokuja, kazi hii haikupigana nayo. Redio ya Hungaria ilianza tarehe 1 Desemba 1925, nayo ilikuwa chini ya kampuni moja na ile ya waya. Wakati huo mtambo wa kukuza sauti ulikwisha kupatikana, na ile sauti nene ya msomaji haikuhitajiwa tena. Waya ziliendelea kutumika mpaka mwaka 1944, zilipoharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia.

Wale walioanguka

Mtu akifaulu, wengine humwiga. Si vibaya kuiga, ila mwenye kuiga hana budi kuiga yote, asiige lile linaloonekana kwa macho tu.

Katika nchi ya Marekani, katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, kampuni moja ilianza kazi ya namna hii mwezi wa Oktoba mwaka 1911. Walikuwa na waandishi, wasomaji na wanamuziki. Ada yao ilikuwa senti 5 kwa siku, yaani yapata dola 18 kwa mwaka. Watu wakapenda sana. Maombi yalikuja mengi kuliko vyombo walivyoweza kufunga.

Je, hapo si pana faida? Hapana. Hapo ndipo penye shimo. Kila chombo kilihitaji fedha ya kukinunua na fundi wa kukifunga kabla mteja hajatoa hata senti 5 zake za kwanza. Kadiri wateja walivyozidi kuomba, ndivyo gharama zilivyozidi kutangulia. Na huku chumba cha katikati hakingojei: wawe wateja 10 au 1,000, msomaji ni yule yule na mshahara wake ni ule ule. Baada ya miezi michache mishahara ikakosekana, na wafanyakazi wakaanza kuacha kazi. Walijaribu kuanza tena, lakini kabla ya mwaka 1913 kuingia kazi ilikuwa imekwisha kufungwa.

Waya wa Newark haukuwa mbaya kuliko waya wa Budapest. Sauti ilisikika, na watu waliipenda. Kilichokosekana ni hesabu. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Sasa mfano wa mtu mdogo, maana si kila mmoja wetu ana kampuni. Katika Uingereza, mahali paitwapo Hythe karibu na Southampton, palikuwa na mwenye duka la vifaa vya umeme, Bwana A. W. Maton. Mwezi wa Januari mwaka 1925 alitumia redio yake moja nzuri, akavuta waya mpaka kwa majirani zake, nao wakawa wanamlipa ada kidogo kila juma. Wakati huo redio nzuri ilikuwa ghali, na kuiendesha kulitaka ujuzi. Jirani hakuhitaji redio wala ujuzi. Alihitaji kipaza sauti kimoja tu ukutani. Bwana Maton hakuanza na mji mzima. Alianza na majirani. Njia yake ikafuatwa katika miji mingi ya Uingereza.

Kutoka Uingereza njia hii ilivuka bahari ikafika Afrika. Tarehe 31 Julai 1935 ilianzishwa mjini Accra, katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Kituo kimoja kilinasa matangazo kutoka London, kikayapeleka kwa waya mpaka nyumba za wateja yapata 300. Mwenye nyumba alikuwa na sanduku lenye kipaza sauti. Aliweza kuongeza sauti au kuipunguza. Kuchagua asikie nini, hakuweza. Alichagua mtu mwingine, katika chumba kingine, chini ya serikali ambayo yeye hakuichagua.

Hapo tumefika kwenye jambo kubwa kuliko waya na kuliko fedha.

Mwenye ufunguo wa chumba

Ndugu wanafunzi, kitu kikiwekwa mahali pamoja ni rahisi kukigawa. Mahali hapo hapo ni rahisi kukizuia. Haya ni mambo mawili, lakini mlango wake ni mmoja.

Nitawapa mfano mmoja wa mwisho, na huu ni wa kusikitisha. Katika Urusi, zamani za Umoja wa Kisoveti, serikali ilieneza vipaza sauti vya waya majumbani, viwandani na barabarani. Nyumba nyingi hazikuwa na redio ya kujinunulia, bali zilikuwa na sanduku la waya. Mwezi wa Juni mwaka 1941 jeshi la Ujerumani liliposhambulia, serikali iliamuru wenye redio zao wazikabidhi. Tangu hapo kwa watu wengi sauti iliyobaki ilikuwa ile ya waya tu, nayo ilisema yale yaliyoruhusiwa.

Mji wa Leningrad, ambao leo huitwa St. Petersburg, ulizingirwa na adui tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Watu wengi mno walikufa kwa njaa na baridi. Katika siku hizo kipaza sauti cha ukutani hakikuzimwa, mchana wala usiku. Wasomaji waliponyamaza, ulisikika mdundo wa kipima-mwendo, chombo kile ambacho wanamuziki hukitumia kupima kasi ya wimbo. Mdundo wa haraka ulikuwa na maana kwamba ndege za adui zinakuja, jificheni. Mdundo wa polepole ulikuwa na maana kwamba hatari imepita. Mtu aliyelala gizani, hana mkate, hana kuni, akisikia mdundo ule alijua kwamba mji ungali hai.

Katika baridi ya Januari 1942 umeme ulipungua mno, hata vipaza sauti vikanyamaza katika mitaa mingi. Kunyamaza huko kuliwaumiza watu pamoja na njaa yao.

Haya, waya ule ulikuwa mwema au mbaya? Ndio uliowaonya watu wakajificha wakapona. Ndio uliowanyima kusikia sauti nyingine yoyote. Na umeme ulipokosekana katikati, nyumba nyingi zikawa bubu kwa pamoja. Mambo yote matatu ni kweli, na yote yalitoka kwenye mpango mmoja: kila kitu mahali pamoja.

Wala msidhani kwamba hizi ni hadithi za kale tu. Leo waya zimebadilika. Ziko waya za kioo zinazopita chini ya bahari, na iko intaneti isiyohitaji waya mpaka mkononi. Mtu ananyanyua simu yake na kupata habari, mafundisho na nyimbo kutoka mitambo iliyo mbali, katika nchi ambayo hajafika. Anaweza kuchagua zaidi kuliko yule wa Accra. Lakini hata sasa ziko nyumba kubwa za mitambo ambako mambo hayo hutunzwa, na wako watu wanaokaa humo na kuamua nini kitolewe mbele na nini kiwekwe nyuma. Chumba kimekuwa kikubwa, ila bado ni chumba, na bado kina ufunguo.

Jibu kwa wenzetu

Sasa tuwajibu wenzetu walioandika barua. Ndugu zetu, waya mtanunua, lakini iwe mwisho. Kwanza kaeni barazani, mchukue karatasi, mwandike majibu ya maswali matano. Mkishindwa kujibu hata moja, fedha zenu zisitoke mfukoni.

La kwanza: Nini kitatoka katika chumba hicho, na saa ngapi? Andikeni ratiba ya juma zima kabla ya jambo lolote. Mgonjwa wa zahanati na fundi cherehani hawataki kitu kimoja kwa wakati mmoja. Budapest walilijibu hili tangu mwanzo.

La pili: Nani atafanya kazi katika chumba hicho kila siku, na akiugua nani atashika mahali pake? Kumbukeni kwamba Puskás alifariki baada ya mwezi mmoja, na kazi isife.

La tatu: Waya wa kwanza uende wapi? Msivute waya kwenda kila mahali siku moja. Fanyeni kama mwenye duka wa Hythe, anzeni na majirani. Mkiniuliza mimi, nitasema waya wa kwanza uende zahanati, kwa maana hapo hupita watu wengi kwa siku, wenye fedha na wasio na fedha. Kisha kaeni miezi mitatu mtazame. Kikiharibika kitu, mtajua ni kipi.

La nne: Nani atalipa, na atalipa lini? Hesabuni fedha zitakazotoka kabla ada ya kwanza haijaingia. Hapo ndipo Newark walipozama. Hesabuni pia umeme, fundi, na chombo kitakachovunjika. Nusu ya fedha mlizochanga iwekeni akiba. Mtu akiwacheka kwa kuwa waoga, mwambieni habari za Newark.

La tano, ambalo ndilo kubwa: Ufunguo wa chumba atakuwa nao nani? Msimpe mtu mmoja, hata kama ni mwema. Hata kama ndiye aliyechanga fedha nyingi kuliko wote. Chagueni kamati yenye wanaume na wanawake, mwandike kanuni kwamba ratiba hubadilishwa na mkutano, wala haibadilishwi na mshika ufunguo. Wekeni saa moja kila juma ya wasikilizaji kusema, walete malalamiko yao na yasomwe hadharani. Waya wa Budapest ulikwenda upande mmoja tu. Msikilizaji alisikia, hakujibu. Ninyi mnaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, na haitawagharimu waya hata mmoja. Mtahitaji sanduku la barua na watu wasioogopa kusomewa makosa yao.

Tena jambo dogo la kumalizia. Msivunje redio zenu za nyumbani kwa kuwa mtambo wa katikati umekuja. Mwenye kisima cha kijiji hatupi mtungi wake. Siku mtambo utakaponyamaza, na iko siku utanyamaza, angalau nyumba moja iwe na sauti nyingine.

Ndugu wanafunzi, Puskás alijiuliza kama waya waweza kufikia masikio elfu. Aliuliza vema, na jibu lilikuwa ndiyo. Sisi tuliokuja nyuma yake tuna swali letu: masikio elfu yakisikiliza chumba kimoja, nani anakisikiliza kile ambacho hayo masikio elfu wanataka kusema? Darasa lile likijibu swali hilo, mtambo wao utakuwa mdogo kuliko wa Budapest na bora kuliko huo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Telefon Hírmondó ilianza mwaka gani, na kwa wasikilizaji wangapi? Ilidumu mpaka mwaka gani?

2. Kwa nini wasomaji wa Budapest walichaguliwa kwa nguvu ya sauti zao?

3. Katika mji wa Newark watu waliipenda kazi ile. Mbona basi ilifungwa?

4. Mwenye sanduku la waya mjini Accra mwaka 1935 aliweza kufanya nini, na hakuweza kufanya nini?

5. Andika ratiba ya siku moja kwa mtambo wa kijiji chako. Kumbuka mkulima, mgonjwa, mwenye duka na mtoto wa shule. Ukimaliza, mpe jirani yako aisome, naye akuambie amesahauliwa nani.